Kifua kilichofuata harusi: kisa cha mpishi wa Mombasa na sindano ya mgongo

Kisa hiki kilitokea Mombasa, katika zahanati ya kibinafsi ninapofanya kazi kama afisa wa kliniki. Umri wa mgonjwa, mtaa wake na mambo mengine ya kumtambulisha nimeyabadilisha au kuyaacha, naye ameniruhusu nikieleze. Nakiandika kwa sababu sindano iliyomdhuru tuliichoma sisi. Tena maelezo ya kilichompata mwilini yalianza kuonekana zaidi ya miaka 80 iliyopita kwenye mapafu ya simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, na bado maswali tunayowauliza wagonjwa wa pumu hayafuati kile simbilisi walichotufunza.

Mgonjwa na historia yake

Ni mama wa miaka arobaini na kitu, mpishi wa masufuria. Pwani ukisema hivyo umeeleweka: pilau na biriani za harusi, kuni kuwashwa kabla ya alfajiri, kuinama na kunyanyuka mpaka wageni walishwe. Utotoni hakuwa na pumu, na kwao hakuna mwenye pumu. Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka thelathini na mitatu kwa mafua yasiyokwisha. Pua ikaziba pande zote mbili, harufu ikapotea, kisha kifua kikafuata. Vinyama vya puani alitolewa mara moja hospitalini, na kabla ya miaka miwili vilikuwa vimerudi.

Kwa mpishi, kupoteza harufu ni kupoteza nusu ya kazi. Alikuwa akimweka binti yake kando ya sufuria ili amwambie kama viungo vimekaangika au vimeanza kuungua.

Katika mwaka mmoja alikuwa amebanwa vibaya mara tatu, na kila mara baada ya harusi. Sisi katika faili yake tuliandika "moshi wa kuni". Jamaa zake wengine walisema ni kijicho, maana watu huona jina la mpishi linavyokua. Sote tulikuwa tumeona jambo moja la kweli, kwamba kifua hufuata harusi. Hakuna aliyeuliza mama huyu hufanya nini baada ya harusi na kabla ya kifua.

Siku yenyewe

Alikuja Jumamosi saa nane mchana, mkono kiunoni. Mgongo ulikuwa umemshika tangu usiku. Kifua kilikuwa shwari, oksijeni asilimia 97, anaongea vizuri na kuwasalimu watu kwenye benchi.

Nilimuuliza yaliyomo kwenye fomu, kwa mpangilio wa fomu.

"Mama, una mzio wa dawa yoyote?"

"Sina, mwanangu."

"Kuna dawa unazotumia?"

"Pampu tu ya kifua."

Akachomwa diclofenac, dawa ya kutuliza maumivu, miligramu 75 kwenye msuli, akaambiwa apumzike kidogo ndipo aende. Kupumzika kule hakukuwa utaratibu wetu. Alikaa kwa sababu mgongo haukumruhusu kusimama haraka, na hilo ndilo lililomwokoa, maana kama angetoka saa ile angekuwa ndani ya feri ya Likoni yaliyofuata yalipoanza.

Baada ya dakika 40 hivi muuguzi alimwona akipangusa pua kwa ncha ya leso. Kamasi zilikuwa zikichuruzika kama maji, macho mekundu, uso na shingo vimepata joto. Alikohoa mara mbili tatu. Nilipofika alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anashindwa kumaliza sentensi. Oksijeni ilikuwa asilimia 87 na kifua kilipiga filimbi pande zote.

Tulimwekea oksijeni na kumvutisha dawa za kufungua njia za hewa, salbutamol pamoja na ipratropium, kwa mashine, tukarudia kila baada ya dakika 20, na haidrokotisoni ya mshipani, steroidi ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa. Adrenalini, dawa ya mzio mkali, ilikuwa imeshavutwa kwenye sindano, mezani. Hatukuichoma kwa sababu presha ilikuwa nzuri, ulimi haukuvimba na ngozi haikuwa na vipele, lakini muuguzi alikuwa na agizo kwamba kimojawapo kikibadilika asinisubiri. Baada ya saa moja oksijeni ilifika 93. Hata hivyo tulimpeleka hospitalini alale chini ya uangalizi, kwa kuwa diclofenac ilikuwa bado mwilini na salbutamol huisha kabla yake.

Mkoba

Siku tatu baadaye alirudi na binti yake. Nilikuwa nimeshajua kosa letu, nikawaeleza waziwazi kwamba sindano ndiyo iliyombana. Binti akanyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo halikuwa katika faili letu: "Lakini siku ya matanga ya babu hakupika, wala hakukaribia moshi. Kichwa tu kilimuuma, na kifua kikambana vilevile."

"Mama, kichwa kilipouma ulikunywa nini?"

"Sikunywa dawa, mwanangu. Nilikunywa vile vya maumivu tu."

Nikamwomba mkoba. Mlikuwa na pampu ya buluu, kichupa cha mafuta ya karafuu, funguo, na vipande vinne vya karatasi ya vidonge vilivyokatwa kwa makasi. Dukani vidonge hivi huuzwa viwili viwili, na mwuzaji hukata palipo rahisi kukata. Kipande kimoja kilibaki na herufi FEN. Kingine kilikuwa na RIN na nusu ya tarehe ya kuisha muda. Viwili vilivyobaki vilikuwa fedha tupu, bila herufi hata moja. Mama mwenyewe hakuwa na njia ya kujua anameza nini, na kama ningemuuliza majina ya dawa asingeweza kunijibu hata angetaka.

Tukakaa na binti tukapanga siku kwenye karatasi. Kati ya mara tano walizozikumbuka, nne kifua kilibana ndani ya saa moja au mbili baada ya vidonge vya maumivu. Harusi ilileta mgongo, mgongo ukaleta vidonge, na vidonge vikaleta kifua. Moshi ulikuwepo, na sidai kwamba moshi hauna madhara, lakini huyu mama alikuwa akipika kwenye moshi siku nzima na kubanwa jioni, akiwa amelala kwake, moshi umeshazimika.

Tulichoamua

Pumu iliyoanza ukubwani, vinyama vya puani vinavyorudi, harufu iliyopotea, na kifua kubana kwa dawa za maumivu: vikikutana kwa mtu mmoja, huo ni ugonjwa unaojulikana. Ufaransa waliuelezea mwaka 1922, na mwaka 1968 Max Samter wa Marekani akaueneza hata ukabeba jina lake. Miongoni mwa watu wazima wenye pumu huwapata takriban 7 katika kila 100, na kwa wenye pumu kali huzidi maradufu.

Njia ya kuuthibitisha bila shaka ni kumpa mgonjwa aspirini kidogo kidogo hospitalini huku akipimwa. Tuliamua tusiiombe. Ushahidi wa Jumamosi ulitosha, na jibu lisingebadilisha tiba tuliyokuwa nayo.

Tulimwanzishia pampu ya steroidi ya kila siku, dawa ya steroidi ya kupuliza puani, na montelukasti miligramu 10 kila usiku, ambayo huzuia lukotrieni, kemikali za mwilini zinazobana kifua nitakazozieleza mbele. Kuhusu hii ya mwisho nilizungumza na binti kando, kwa ridhaa ya mama, kwa sababu Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru iwekewe onyo lake zito kabisa juu ya huzuni, ndoto mbaya na mawazo ya kujidhuru. Binti ndiye anayeishi naye, na mabadiliko ya tabia ndiye angeyaona kwanza.

Kwa maumivu tulichagua paracetamol ya miligramu 500, si 1,000, kwa kuwa kipimo kikubwa huwabana baadhi ya wagonjwa hawa. Kidonge cha kwanza alikimeza mbele yetu na kukaa saa tatu. Hakukohoa. Kisha tukamwandikia kadi kwa Kiswahili ya kukaa mkobani: aspirini, ibuprofeni, diclofenac, indometasini na jamii yake, asipewe kwa kidonge wala kwa sindano.

Matokeo

Miezi miwili ya kwanza ilipita salama, pamoja na harusi mbili. Mwezi wa tatu akabanwa tena, ingawa si vibaya, na pampu ilimtosha. Mpwa wake alikuwa ametumwa dukani akatafute paracetamol, akarudi na pakiti ya vidonge vya kichwa iliyoandikwa paracetamol juu yake. Neno lilikuwepo kweli. Chini yake, kwa herufi ndogo, yalifuata aspirini na kafeini. Sisi tulimfundisha jina la kutafuta bila kumfundisha kwamba jina hilo linaweza kuwa na wenzake ndani ya kidonge kimoja. Kadi tukaiandika upya.

Tangu hapo, miezi minane, hajabanwa kiasi cha kuletwa zahanati. Harufu imerudi kwa vipande: iliki na kahawa anazipata, samaki bado.

Uchambuzi: mapafu ya simbilisi

Mama aliuliza swali ambalo kila mgonjwa wa namna hii analo: mbona vidonge vilevile vinamtuliza kila mtu na yeye vinamnyonga? Jibu liko kwenye mafuta ya ndani ya mwili. Utando wa kila seli una asidi ya mafuta iitwayo arakidoniki, yenye kaboni 20. Seli ikishtuliwa, asidi hiyo hukatwa kutoka kwenye utando na kushikwa na vimeng'enya vya aina mbili. Siklooksijenesi huigeuza kuwa prostaglandini. Lipoksijenesi huigeuza kuwa lukotrieni. Mazao haya hudumu muda mfupi na hupatikana kwa kiasi kidogo mno, lakini ndiyo yanayoamua kama njia ya hewa itakuwa tulivu au itabana kwa jambo dogo.

Tulijuaje? Mwaka 1938, huko Australia, Wilhelm Feldberg na Charles Kellaway walipitisha sumu ya swila katika mapafu ya simbilisi yaliyotolewa mwilini. Yaliyotoka upande wa pili waliyatia kwenye kipande cha utumbo wa simbilisi. Histamini, kemikali ya mwilini inayojulikana kwa mzio, huukaza utumbo haraka na kuuachia haraka. Hapa ukaonekana mkazo mwingine, uliokuja polepole na kukataa kuondoka. Mwaka 1940 Kellaway na mwenzake waliupata tena bila sumu, kwa kuyashtua mapafu ya simbilisi waliokuwa wamezoezwa kuchukia protini fulani, yaani kwa njia inayofanana na pumu ya mzio. Kitu hicho hakikujulikana ni nini kwa miaka karibu 40. Mwaka 1979 Bengt Samuelsson na wenzake wa Stockholm wakakitambua: lukotrieni, zao la arakidoniki. Mwaka 1982 Samuelsson, Sune Bergström na John Vane walipewa tuzo ya Nobel. Vane ndiye aliyeonyesha mwaka 1971 kwamba aspirini huzuia utengenezaji wa prostaglandini. Kwenye njia za hewa za binadamu lukotrieni zilipimwa zikaonekana na nguvu mara 1,000 hivi kuliko histamini. Ndiyo maana dawa za kuzuia histamini, zile tunazogawa kwa kila anayepiga chafya, hazimwokoi mgonjwa kama huyu.

Simbilisi walionyesha pia upande wa pili. Ukiwapa indometasini, ambayo huzuia siklooksijenesi kama diclofenac, kisha ukawashtua kwa kile walichozoezwa kukichukia, njia za hewa hubana zaidi kuliko za wasiopewa. Maelezo ya zamani yalikuwa ya mfereji: ziba njia moja, maji yote yaende nyingine. Mfano huo ni rahisi kumweleza mgonjwa, na mimi nimeutumia, lakini hautoshi. Kama ungetosha, kila anayemeza aspirini angebanwa kifua. Prostaglandini moja, E2, hufanya kazi ya breki juu ya lipoksijenesi. Mtu mwenye breki nzima hupunguziwa kidogo na aspirini na hana habari. Mwenye breki iliyochakaa, kama huyu mama, aspirini humwondolea hata kile kidogo kilichobaki, na lukotrieni zinamwagika.

Ushahidi ninaouona kuwa mzuri kuliko wote ulitoka Marekani mwaka 2013, kwa panya. Panya wa kawaida hawabanwi na aspirini. Watafiti wakachukua panya wasio na kimeng'enya cha kutengeneza prostaglandini E2, wakawawekea puani vumbi la utitiri mpaka mapafu yakavimba, kisha wakawavutisha aspirini. Hawa wakabana. Dawa za kuzuia lukotrieni ziliwatuliza, na walipoondolewa chembe za damu za kugandisha hawakubana tena, maana chembe hizo husaidia kuzitengeneza lukotrieni.

Lakini mnyama asisomwe vivyo hivyo bila kuuliza ni mnyama gani na amefanywa nini. Simbilisi huyohuyo, mwaka 1960 huko Uingereza, alionyesha kinyume: akibanwa kwa bradikinini, kemikali nyingine ya mwilini, aspirini ilimkinga. Aliyesoma jaribio lile peke yake angewaandikia wenye pumu aspirini. Tena misuli ya hewa ya simbilisi hukaza sana kwa histamini na lukotrieni, ya panya wakubwa hukaza kwa serotonini, na panya wadogo lukotrieni haziwashtui kama zinavyomshtua binadamu. Kila mmoja ana sehemu yake ya jibu.

Kutokana na hayo yapo mambo mawili ambayo yangebadilisha Jumamosi ile. La kwanza, huu si mzio wa kawaida wa kingamwili kuitambua dawa moja. Ni athari ya kazi yenyewe ya dawa, kwa hiyo dawa zisizofanana kabisa kwa umbo, aspirini, ibuprofeni, diclofenac, huleta jambo lilelile, na diclofenac inaweza kumbana mtu mara ya kwanza kabisa anapoipata. La pili, swali "una mzio?" haliugusi ugonjwa huu. Mama alijibu ukweli.

Swali la mafuta ya alizeti

Alipoelewa kwamba ni mambo ya asidi za mafuta, mama akauliza: "Basi yale mafuta nnayopikia? Nayo niyaache?" Swali zuri kuliko alivyodhani. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki kwa wingi, nayo pia hugeuzwa na lipoksijenesi. Zao lake mojawapo, 13-S-HODE, lilijaribiwa New Delhi na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Panya waliotiwa zao hilo puani walipata majeraha kwenye ngozi ya ndani ya njia za hewa, na mapafu yao yakawa mepesi kubana yalipopimwa kwa methakolini, dawa ya kupimia jinsi njia za hewa zinavyobana kwa urahisi. Lilipitia kwenye kipokezi kilekile kinachoitikia ukali wa pilipili.

Nilimwambia asiyaache mafuta kwa sababu ya hilo. Wale panya walitiwa zao lililokwisha kutengenezwa, moja kwa moja kwenye njia ya hewa. Hawakulishwa pilau. Kutoka kwenye pua ya panya hadi kwenye sahani ya mtu ni mbali, na mgonjwa aliyeambiwa aache kila kitu huishia kuacha na dawa. Nilichomwomba ni asisimame juu ya mvuke wa mafuta yaliyochemka na kutoa moshi, maana huo hukera kifua chochote chenye pumu.

Palipofaa na palipoharibika

Kumkalisha baada ya sindano, hata kwa bahati, kulifaa, na sasa ni kanuni: kila mwenye pumu anayechomwa sindano yoyote hukaa saa moja mbele ya muuguzi. Kumwambia ukweli kuhusu sindano kulifaa kuliko nilivyotarajia. Bila hivyo binti asingetaja matanga, na bila matanga tungeendelea kuandika moshi.

Palipoharibika ni mwanzoni. Vinyama vya puani viliandikwa kwenye faili mara tatu, kwa miandiko mitatu tofauti, mmoja wao wangu. Mtu mzima mwenye pumu na vinyama vya puani hafai kuchomwa diclofenac kabla ya kuulizwa mara mbili. Tulimuuliza mara moja, kwa neno ambalo kwake lilimaanisha kitu kingine: dawa kwake ni ya daktari, na vya maumivu ni vya duka, kama kibiriti na sukari.

Fomu yetu sasa ina mstari mpya chini ya ule wa mzio: "Kichwa, mgongo au hedhi vikikuuma, unameza nini? Kifua huwaje baadaye?" Mwenye duka la dawa lililo karibu nasi amekubali kukata karatasi za vidonge upande usio na jina.